Vitabu na makala ya kumfaa kijana wa Eastlands anayetaka kubobea katika sayansi ya kompyuta

KIJANA wa Kaloleni, Jericho, Umoja au Kayole anayetaka kujifunza sayansi ya kompyuta hakosi watu wa kumshauri. Mabango ya vyuo vidogo yametundikwa kwenye milingoti ya stima na kuta za maduka, kila moja likiahidi cheti baada ya miezi mitatu au sita. Jambo ambalo ni nadra kuelezwa kwenye mabango hayo ni kwamba taaluma hii ina maandishi yake ya msingi, kama vile sheria ilivyo na kesi zake na ushairi ulivyo na diwani zake. Aliyeyapitia maandishi hayo huweza kuunda kitu kipya. Asiyeyapitia hubaki kufuata maagizo ya waliounda.

Tofauti hiyo si ya heshima tu, ni ya mkate pia. Mnamo Januari 2023, jarida la TIME la Marekani lilichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi wafanyakazi jijini Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama maandishi machafu, ili mashine za akili unde zifundishwe kuyaepuka. Kazi hiyo na ile ya kuunda mashine yenyewe ni za sekta moja. Kinachozitenganisha kwa sehemu ni mtaji, lakini kwa sehemu kubwa ni maarifa yaliyomo katika vitabu na makala ambayo, ajabu ni kwamba, mengi sasa yanapatikana bila malipo.

MAHALI PA KUSOMEA

Eastlands haijawahi kuwa jangwa la vitabu kama wengine wanavyodhani. Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa katikati mwa jiji mnamo 1931 iliwafungia Waafrika milango hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini baadaye ilipata matawi mawili upande wa mashariki, Kaloleni na Makadara. Matawi hayo yalichakaa kwa miongo kadhaa. Tangu 2018, shirika la Book Bunk lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka limeshirikiana na Serikali ya Kaunti ya Nairobi kuyakarabati pamoja na jengo kuu. Aidha, Huduma ya Maktaba za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya bunge ya 1965, ina tawi Buruburu.

Umuhimu wa maktaba hizi kwa msomaji wa sayansi ya kompyuta haumo sana kwenye rafu zake. Vitabu vinavyotajwa hapa chini ni ghali na havipatikani kwa urahisi katika maktaba za mitaani. Umuhimu wake ni meza, mwanga na utulivu. Mtu anayeishi katika chumba kimoja na ndugu wanne hawezi kumaliza uthibitisho wa hisabati wa kurasa tano huku redio ya jirani ikivuma. Nakala yenyewe anaweza kuipakua kwenye simu mara moja, kisha akaisoma mezani siku tatu bila kutumia bando zaidi.

VITABU VYA KUANZIA

Kitabu kinachofaa kutangulia ni kile cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka 1978 na kufanyiwa marekebisho 1988. Hakifikii kurasa 300. Mazoezi yake ni magumu na maelezo yake hayana porojo, na ni kutokana nacho kwamba wanafunzi kote duniani huanza kwa kuandika programu inayotoa salamu kwa ulimwengu. Kuna wanaosema C imepitwa na wakati. Hao huenda hawajafikiria kwamba simu yao ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na kwamba kiini hicho karibu chote kimeandikwa kwa C. Msomaji anayekielewa kitabu hiki anaelewa jinsi kumbukumbu ya mashine inavyogawanywa na jinsi inavyoweza kuvuja.

Kinachofuata ni kile cha Harold Abelson na Gerald Jay Sussman, kilichoandikwa pamoja na Julie Sussman na kuchapishwa 1985 na shirika la uchapishaji la chuo cha MIT. Toleo la pili ni la 1996, na mchapishaji mwenyewe ameliweka mtandaoni bila malipo. Kitabu hiki hakimfundishi msomaji lugha fulani ya kompyuta ili apate kazi Jumatatu. Kinamfundisha kugawa tatizo kubwa katika vipande, kuvipa vipande majina, kisha kuvisahau vilivyo ndani yake na kuendelea. Wanafunzi wengi hukikimbia sura ya kwanza kwa sababu ya hisabati iliyomo. Anayevumilia hadi sura ya tatu huona mambo kwa jicho jingine.

Kitabu kinachotumiwa zaidi katika vyuo vikuu ni cha algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo, ambacho waandishi wake ni Thomas Cormen, Charles Leiserson, Ronald Rivest na Clifford Stein. Kilitoka mara ya kwanza 1990 na toleo la nne ni la 2022. Kina kurasa zaidi ya 1,000 na hakikusudiwi kusomwa kama riwaya. Mwenye busara husoma sura za upangaji, majedwali na grafu, kisha hurudi kwa mengine kila anapoyahitaji.

Donald Knuth naye ni mtu wa aina yake. Alianza 1962 kuandika alichodhani kingekuwa kitabu kimoja cha sura 12, kikageuka kuwa mpango wa majuzuu saba. Juzuu la kwanza la The Art of Computer Programming lilitoka 1968, la pili 1969 na la tatu 1973. Sehemu ya kwanza ya juzuu la nne ilisubiriwa hadi 2011, na ya pili ikaja 2022. Hadi 2008, Knuth alimtumia hundi ya dola 2.56 mtu wa kwanza kugundua kosa lolote kitabuni, kwa kuwa senti 256 ni nambari mviringo katika hesabu za kompyuta. Waliopata hundi hizo kwa kawaida hawakwenda nazo benki. Walizitundika ukutani. Majuzuu haya si ya mwanagenzi, lakini inafaa mwanagenzi ajue yapo, kwa sababu ndiyo mahakama ya rufaa katika fani hii.

Frederick Brooks aliandika kitabu tofauti kabisa mnamo 1975, kinachohusu watu kuliko mashine. Alikuwa amesimamia uundaji wa mfumo endeshi mkubwa wa kampuni ya IBM na akaona kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huifanya ichelewe zaidi. Mtu wa Eastlands anaweza kushangaa. Kule Kamukunji, mafundi wa jua kali wanapopata maagizo mengi ya masanduku ya bati Januari, wakati wa wanafunzi kurudi shuleni, huita mafundi zaidi na masanduku hutoka kwa wingi. Tofauti ni kwamba kila sanduku linajitegemea. Programu moja kubwa haigawanyiki hivyo: kila mgeni lazima afundishwe na aelewane na wenzake wote. Watu watatu wana jozi 3 za kuwasiliana. Watu 10 wana jozi 45. Mhandisi anayeombwa na mkubwa wake aongeze vijana kumi ili mradi umalizike wiki ijayo atakishukuru kitabu hiki.

MAKALA MACHACHE YALIYOGEUZA MAMBO

Makala ya utafiti ni mafupi kuliko vitabu lakini ni mazito. La Alan Turing la 1936, aliloliandika akiwa bado hajatimiza miaka 24, lilieleza mashine ya kufikirika yenye utepe na kichwa cha kusoma alama, miaka kadhaa kabla ya kompyuta za elektroniki kuwepo. Wakati huo neno kompyuta kwa Kiingereza lilimaanisha mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu. Turing alionyesha kwamba kuna maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu kamwe, hata ikipewa muda na kumbukumbu isiyo na kikomo. Makala hayo ni magumu, na msomaji asione aibu kuyasoma kwa msaada wa kitabu cha Charles Petzold cha 2008 kinachoyafafanua sentensi kwa sentensi. Makala yake ya 1950 katika jarida la Mind, kuhusu iwapo mashine inaweza kufikiri, yanasomeka na yeyote aliyemaliza kidato cha nne.

Claude Shannon alichapisha yake 1948 katika jarida la kiufundi la kampuni ya simu ya Bell. Hoja yake ni kwamba habari inaweza kupimwa kama unga unavyopimwa kwa kilo, na kwamba jambo linalotabirika lina habari kidogo. Kiswahili kinatoa mfano mzuri. Maneno yake ya asili huishia kwa irabu, kwa hiyo msomaji anayeona herufi "mtot" anajua tayari kwamba inayofuata ni mojawapo ya tano, wala hasiti kujua ni ipi. Herufi hiyo ya mwisho haimpi habari yoyote mpya na inaweza kuachwa. Vijana wanaokata maneno kwenye ujumbe mfupi wa simu hutumia kanuni hiyo bila kuijua, na mashine zinazobana picha na muziki huitumia zikijua.

E. F. Codd wa IBM ndiye aliyependekeza 1970 kwamba data ihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Katibu wa chama cha akina mama aliyeandika nambari ya simu ya mwanachama kwenye kurasa 12 za daftari, kisha mwanachama huyo akabadilisha laini, anaelewa tatizo ambalo Codd alikuwa akilitatua: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Nao Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha 1976 kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri mbele ya wadukuzi wanaosikiliza. Mwaka wa 1978, Rivest aliyetajwa hapo juu, pamoja na Adi Shamir na Leonard Adleman, walitoa njia moja ya kutekeleza wazo hilo. Bila kazi hizi mbili, kutuma pesa au nywila kwenye mtandao kungekuwa sawa na kuandika nambari ya siri ya benki mgongoni mwa matatu.

KUTOKA DONHOLM HADI MJINI

Makala yanayostahili kukaliwa kitako na kila kijana wa Eastlands ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, yaliyochapishwa 1959 katika jarida la Numerische Mathematik. Yana kurasa tatu tu. Dijkstra alisimulia baadaye kwamba wazo hilo lilimjia 1956 akiwa na mchumba wake kwenye mkahawa jijini Amsterdam, na kwamba alilikamilisha kwa takriban dakika 20 bila kalamu wala karatasi.

Tatizo lake ni la kila asubuhi katika mitaa hii: kutoka mahali hadi pengine kwa njia ya haraka kuliko zote. Tuseme abiria yuko Donholm akielekea mjini. Anaweza kufuata Jogoo Road hadi City Stadium kwa dakika 40 za msongamano, kisha dakika 15 zaidi hadi mjini. Au anaweza kupanda kwa Outer Ring hadi Kariobangi kwa dakika 15, afuate Juja Road hadi Pangani kwa dakika 20, kisha dakika 10 hadi mjini. Dijkstra anasema: anza pale ulipo, andika muda wa kufika kwa kila jirani, kisha daima chagua mahali penye muda mdogo kuliko pote ambapo bado hujapashughulikia.

Majirani wa Donholm ni City Stadium, dakika 40, na Kariobangi, dakika 15. Kariobangi ndiyo ndogo, kwa hiyo inashughulikiwa kwanza, na kutoka hapo Pangani inapata dakika 35. Sasa Pangani ndiyo ndogo. Kutoka hapo mji unapata dakika 45. Inayofuata ni City Stadium yenye 40. Kupitia kwake mji ungechukua 55, ambazo ni nyingi kuliko 45 zilizokwisha kuandikwa, kwa hiyo hakibadiliki kitu. Mwisho mji wenyewe unashughulikiwa kwa dakika 45 na kazi imekwisha. Uzuri wa njia hii ni kwamba mahali palipokwisha kushughulikiwa hapahitaji kurudiwa tena. Hiyo ni kweli mradi hakuna barabara yenye muda ulio chini ya sifuri, na Nairobi bado haijajenga barabara ya namna hiyo.

Lakini algorithimu bila data ni kama sufuria bila unga. Kwa miaka mingi njia za matatu za Nairobi hazikuwa zimeandikwa popote. Zilikuwa vichwani mwa madereva, makanga na abiria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani walipanda matatu wakiwa na simu zao na kurekodi vituo na barabara. Ramani iliyotokana na kazi hiyo ilitolewa Januari 2014 ikiwa na zaidi ya njia 130, zikiwemo zile za Buruburu, Dandora na Kayole. Makala ya utafiti wao yalichapishwa 2015 katika jarida la Journal of Transport Geography, na waandishi wake ni pamoja na Sarah Williams, Jacqueline Klopp, Peter Waiganjo Wagacha na Daniel Orwa.

Makala hayo yana thamani kwa sababu yanaeleza pia ugumu. Muundo wa data waliotumia ulianzia Portland, Marekani, mahali ambapo basi lina ratiba na kituo kina bango. Matatu haina ratiba. Huondoka ikijaa, hubadilisha njia polisi wakionekana mbele, na hupandisha nauli mvua ikinyesha. Watafiti walilazimika kuukunja muundo wa kigeni uingie katika hali ya hapa, na walieleza walivyofanya. Mwanafunzi anayeyasoma makala hayo baada ya yale ya Dijkstra anaona pande mbili za taaluma moja: hesabu safi ya kurasa tatu, na kazi chafu ya kuhesabu vituo juani.

KUAMINI MASHINE

Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alipopewa Tuzo ya Turing ya 1983 pamoja na Ritchie, alitoa mhadhara uliochapishwa Agosti 1984 ambao nao una kurasa tatu. Alionyesha kwamba mtu anaweza kuisoma programu mstari kwa mstari asione hila yoyote, na bado programu hiyo ikawa na mlango wa siri. Hila huwa imefichwa katika chombo kinachoigeuza programu kuwa lugha ya mashine, na chombo hicho huweza kujirithisha hila hiyo kila kinapojengwa upya.

Wakenya wana sababu ya kuyasoma makala hayo kwa makini. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika Agosti 8 mwaka huo, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa na majaji walio wengi ni Tume ya Uchaguzi kukosa kutekeleza kikamilifu agizo la kuruhusu seva zake zikaguliwe. Mjadala wa kufunguliwa kwa seva ulisikika hadi katika vibanda vya chai. Ni wachache waliouliza swali la Thompson: hata seva zikifunguliwa, ni nani atakayeaminiwa kuhusu vyombo vya kuzikagulia?

KISWAHILI NDANI YA MASHINE

Fungu la mwisho ni la makala yanayohusu lugha, na ndilo lenye mchango mkubwa zaidi wa watu wa Afrika Mashariki. Kazi ya awali ilifanyiwa mbali: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu za kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na baadaye mkusanyiko mkubwa wa matini ukapatikana huko. Mwaka wa 2009 Guy De Pauw, Wagacha na Gilles-Maurice de Schryver walitoa makala kuhusu SAWA, mkusanyiko wa matini za Kiingereza na Kiswahili zilizowekwa sambamba ili mashine ijifunze kutafsiri.

Mwaka wa 2017 watafiti wanane waliochapisha chini ya mwavuli wa Google walitoa makala ya Attention Is All You Need, yaliyoleta muundo ambao mashine za akili unde zinazozungumza leo zimejengwa juu yake. Yasomwe, lakini yasisomwe peke yake. Miaka mitatu baadaye kundi la Masakhane, lenye watafiti kutoka nchi nyingi za Afrika, lilichapisha makala yaliyokuwa na waandishi zaidi ya 40 kuhusu tafsiri ya mashine kwa lugha za Kiafrika. Walidai kwamba upungufu si wa maneno tu, bali ni wa kuwashirikisha wenye lugha. Wapo waliocheka wingi wa majina kwenye ukurasa wa kwanza. Hata hivyo, makala ya MasakhaNER yaliyofuata 2021 yalitoa data ya kutambua majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha 10, Kiswahili na Kijaluo zikiwemo.

Wasomi wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene nao walikusanya Kencorpus, hazina ya maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya. Kutokana nayo ikapatikana KenSwQuAD, yenye maswali na majibu 7,526 kwa Kiswahili ya kuijaribu mashine kama mwalimu anavyomjaribu mwanafunzi kwa ufahamu. Barack Wanjawa na Lilian Wanzare ni miongoni mwa waandishi wake. Makala haya yanafaa kwa mwanafunzi kwa sababu vifaa walivyotumia si vya ajabu; kundi la wanafunzi wenye subira linaweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa lugha nyingine.

Kuhusu madhara, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima 2018 programu za kutambua jinsia kwa uso. Zilikosea kwa hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kosa kubwa zaidi kwa wanaume weupe likiwa asilimia 0.8. Ni makala mafupi yenye hesabu nyepesi, na ni mfano bora wa namna swali zuri linavyoweza kushinda mtambo ghali.

NAMNA YA KUSOMA

Wengi hushindwa na makala ya utafiti kwa kuyasoma kama gazeti, kuanzia juu hadi chini. Srinivasan Keshav aliandika 2007 mwongozo wa kurasa mbili unaoshauri kusoma mara tatu. Mara ya kwanza ni dakika tano hadi 10: kichwa, muhtasari, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho, kisha msomaji aamue kama aendelee. Mara ya pili huchukua hadi saa moja, akitazama michoro kwa makini na kuandika pembeni, lakini akiruka uthibitisho. Mara ya tatu, ambayo humchukua mwanafunzi saa nne au tano, hujaribu kuijenga upya kazi yote kana kwamba ni yake. Makala mengi hayastahili mara ya tatu. La Dijkstra linastahili, na mtu anaweza kulimaliza kabla maktaba ya Buruburu haijafungwa.

Kuhusu upatikanaji, hifadhi ya arXiv iliyoanzishwa 1991 na Paul Ginsparg hutoa makala bila malipo, na makala ya masuala ya lugha hupatikana katika hifadhi ya ACL. Chama cha wanasayansi wa kompyuta cha ACM kilifungua 2022 makala yake yote ya kati ya 1951 na 2000, yakiwemo ya Codd na ya Thompson. Maandishi ya mkono ya Dijkstra, zaidi ya 1,300, yamewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Texas.

Kuna kitabu kimoja cha mwisho ambacho si cha kompyuta. Mashine zilizofundishwa Kiswahili cha magazeti na cha Biblia hukwama zinapokutana na Sheng, lugha iliyokulia Eastlands yenyewe, ambamo matatu ni mathree leo na nganya kesho, na nyumba ni keja. Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga walitoa kamusi ya Sheng na Kiingereza mnamo 2003. Chege Githiora akaandika 2018 kitabu kinachoichukulia Sheng kuwa aina ya Kiswahili chenye wazungumzaji wa kila rika, wala si lugha ya wahuni. Anayetaka kuifundisha mashine kumwelewa kanga wa nambari 58 anapaswa kuanza na Githiora, kisha arudi kwa Shannon kupima jinsi msamiati unaobadilika kila mwaka unavyotabirika kwa shida.